Sahani ya Kitone cha Kijani

Utaniambia ni uongo, na sitakulaumu. Hata mimi ningesimuliwa haya, ningemtazama msimulizi kutoka kichwani hadi miguuni nikijiuliza anataka kuniuzia nini. Ndivyo nilivyo. Mtu akinipa kitu bure, nakinusa kwanza. Lakini haya yalitokea hapa Bungoma, mezani pangu, na mama mkwe wangu yuko hai, unaweza kuja kumuuliza.

Yote yalianza na sahani. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Mayi, alipata kiharusi na mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu. Sahani za glasi zilimponyoka zikavunjika moja baada ya nyingine. Za bati zilimchoma vidole. Ikabidi nimlishe kwa kijiko, na kila nikimlisha aligeuza uso akatazama ukuta. Huyu ni mama aliyelima shamba lake na kulea watoto bila kumwomba mtu. Iliniuma sana. Nikasema nitamtafutia sahani nyepesi, hata ikibidi nizunguke maduka yote ya Kitale.

Kitale ndiko anakokaa wifi yangu, Nafula, na huko ndiko nilikozipata. Mwenye duka alikuwa Singasinga mmoja mzee. Nilizigonga zile sahani, nikazinusa, nikamuuliza kama zitatoa harufu zikitiwa uji wa moto. Mzee akacheka.

"Mama, juu ni maua tu," akaniambia. "Wewe geuza chini. Chini ikiwa safi, hiyo melamini mzuri."

Nikanunua sita za hiyo plastiki ngumu, nyeupe zenye ukingo wa buluu, kwa bei ambayo haikuniumiza kichwa. Jioni ile Mayi alishika sahani kwa mikono yake mwenyewe, akaipakata, akala ugali wake mpaka ukaisha. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia kidogo.

Kama mama yeyote wa huku, nilizitia alama chini, kitone cha kutex nyekundu, ile rangi ya kucha. Si unajua matanga ya kwetu? Kila mwanamke anakuja na vyombo vyake, na bila alama unaweza kurudi nyumbani na sufuria ya jirani.

Haukupita mwezi, kukawa na mazishi Misikhu. Marehemu alikuwa mama mmoja wa ukoo wa mume wangu ambaye sikuwahi kumwona. Nilienda na sahani zangu, nikashinda nyuma ya nyumba nikiosha vyombo, hata kumwangalia marehemu kwenye jeneza sikwenda. Wakati wa kuondoka nikahesabu, nikapata tano. Nikapekua kila karai. Niliyoipata ilifanana kabisa na zangu, ila chini ilikuwa na kitone cha kijani. Unajua nilichofikiri? Kwamba huyu wa kijani ameibeba yangu makusudi. Basi nikaitia kwenye katoni pamoja na zile tano, nikachomeka programu ya mazishi katikati zisikwaruzane, nikaenda zangu. Nyumbani nikaukwangua ule ukijani kwa wembe, nikapaka nyekundu.

Ilikuwa nyepesi kuliko zote. Mayi akaichagua siku hiyo hiyo.

"Hii ndio yangu," akasema. Sikumbishia.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu saa kumi. Mume wangu, Wafula, alikuwa ameenda Lwakhakha kununua maharagwe. Saa moja jioni nimeweka sahani mezani, ndio naanza kupakua, nikasikia hodi. Akaingia mama wa makamo, amejifunga kitenge, miguu mitupu.

"Mulembe," akasema.

"Mulembe. Karibu, mama, umetukuta kwa chakula."

Niliona kucha zake zimepakwa rangi ya kijani, na hapo hapo nikaanza kumshuku. Mama wa umri ule, na mvua yote hiyo, anatafuta nani? Nikafikiri labda ni mambo ya Wafula yamenifuata mpaka nyumbani. Nikamvutia kiti hata hivyo, maana huku kwetu hufukuzi mtu aliyekukuta unakula.

"Siwezi kula, sina sahani," akasema. "Yangu ilipotea kwa matanga. Si uliiona?"

"Hapa zote ni zangu. Ziko na alama."

"Hebu geuza hiyo ya mama."

Unaona? Sahani zote zilikuwa mezani pamoja, zinafanana, tena tupu, yeye alijuaje ipi ni ya Mayi? Niliigeuza. Nyekundu. Nikamwonyesha nikiwa nimeinua kidevu, na uso wangu mkavu kabisa. Alikitazama kile kitone kwa muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Basi nitakula na huyo mama."

Akatoka. Nilipofunga mlango nikaitazama sakafu yangu niliyoipiga deki saa kumi na moja. Tope la kwetu unalijua. Niamini, hapakuwa na alama hata moja. Nikajiambia labda alijipangusa kwenye gunia la mlangoni. Nilijiambia mengi jioni ile.

Tangu hapo Mayi akawa hashibi. Anamaliza sahani, anakomba mchuzi, halafu ananitazama. "Mwanangu, mbona hunipi chakula?" Namwongeza, anamaliza, anauliza tena. Siku nyingine anaonyesha kiti kitupu na kuniambia, "Na yule mgeni, si umpe chake?" Nilidhani ni ule ugonjwa. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hawaoni kitu. Na bado alizidi kukonda, mpaka nikimbeba kumtoa kitandani nahisi nimebeba nguo tupu.

Nafula akaja kutoka Kitale. Alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi.

"Mama anasema halishwi," akasema.

"Si umeona akimaliza sahani mbili sasa hivi?"

"Nimeona sahani. Lakini mama yangu ameisha, bana."

Kuanzia hapo akawa anafunua sufuria zangu. Wafula naye, mume wangu wa miaka yote hiyo, akaanza kusimama mlangoni mwa jikoni nikipakua. Unajua uchungu wa kushukiwa kwamba unamuua mama wa watu kwa njaa? Nami nikawashuku wao. Nikamshuku jirani, nikamshuku Nafula kwamba anamtilia mama maneno. Sikubakisha mtu, isipokuwa mimi mwenyewe.

Jioni moja nikapakua ugali wa Mayi, bonge zuri, na nyama na mchuzi juu yake. Nikaiinua sahani. Ilikuwa nyepesi kama vile ni tupu. Nikahamisha chakula kile kile kwenye sahani nyingine, mkono ukashuka kwa uzito. Nikakirudisha, uzito ukapotea. Nilifanya hivyo mara tatu, mpaka mchuzi ukanimwagikia miguuni. Chakula kilikuwepo, nakiona, nakinusa, lakini kwenye sahani ile hakikuwa kitu.

Nikakumbuka katoni. Ile programu ya mazishi ilikuwa bado ndani, imekunjwa. Nikaikunjua. Picha ya marehemu ilikuwa juu, anatabasamu. Alikuwa ndiye mgeni wangu.

Nilirudi mezani nikiwa na sahani mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, nikawaambia yote mbele ya Mayi, hata habari ya wembe. Wafula akainama. Nafula ndiye aliyesema.

"Ati uliiba sahani ya maiti, halafu ukamlishia mama yangu?"

Nilichukua wembe nikarudi jikoni.

Asubuhi nikaenda Misikhu. Nilikuwa nimeiondoa ile nyekundu, na njiani nilisimama nikanunua kutex ya kijani. Nikatia kitone mahali pake. Aliyenipokea ni binti wa marehemu. Nilijitayarisha kutukanwa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaingia ndani. Alirudi na mfuko uliokuwa umetundikwa kwenye msumari. Ndani mlikuwa na sahani yangu, imeoshwa vizuri, kitone chekundu chini.

"Ilibaki siku ile," akasema. "Tukaiweka. Tulijua mwenyewe atakuja."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Afadhali angenitukana.

Jioni ile Mayi alikula nusu ya ugali wake, akasukuma sahani. "Nimeshiba," akasema. Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Alirudisha mwili wake polepole, na sasa ananigombeza kwa sauti kama zamani.

Lakini Nafula akija, hata kama kuna wageni, haketi kula kabla hajageuza sahani yake na kuitazama chini. Anafanya hivyo mbele yangu, bila haraka. Mimi naendelea kupakua. Na jioni za mvua, mtu akipiga hodi, kabla sijasema karibu, najikuta nimeshageuza sahani yangu.

Nenda ununue sahani nyepesi, ni nzuri, hazivunjiki, na mgonjwa atazishika mwenyewe. Lakini ukitoka matangani, zigeuze zote kabla hujaondoka. Ukikuta alama isiyo yako, irudishe papo hapo, hata kama unaamini yako imeibwa. Pengine yako imeoshwa, imetundikwa mahali, inakungoja.