Perpétue Akaingia Golini

Perpétue Munezero alikuwa beki wa kulia, na beki wa kulia si mtu anayetazamwa sana. Katika timu ya wasichana ya chuo cha ualimu kule Biharwe, Uganda, walimjua kwa urefu wake na kwa kaptula yake. Kaptula za timu zilikuwa fupi, na mama yake, Nyirabizimana, mwanakwaya wa kanisa la Kimethodisti katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwa ameongezea pindoni kipande cha kitenge cha kijani ili ifike magotini. "Mutoto wangu atacheza," alisema mama, "lakini hatacheza uchi." Wenzake walicheka wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Mtu wa timu nyingine akithubutu kucheka, Gorret, mshambuliaji wao, alimjibu kabla Perpétue hajafungua mdomo.

Kufungua mdomo kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Perpétue alizaliwa milimani, Kivu ya Kusini, Kongo, akafika Nakivale mwaka 2003 akiwa na miaka tisa, yeye na mama yake tu. Walipewa kiwanja, wakajenga nyumba ya udongo, wakalima mahindi na maharagwe; baadaye mama akapata mbuzi, halafu ng'ombe mmoja. Kinyankole, lugha ya wenyeji, Perpétue alikielewa, ila kilimpa tabu ulimini. Kwa hiyo pale chuoni aliongea zaidi na Daphine, kipa wa timu. Daphine alikuwa binti wa askari, amelelewa kambini Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kifupi kama amri. "Wewe unaongea kama mtu anaimba," alimwambia Perpétue siku ya kwanza, na tangu hapo wakawa wanakaa meza moja.

Mwaka 2013 timu ilifika fainali ya mashindano ya wanawake wa wilaya. Wapinzani wao walikuwa timu ya kambi ya jeshi: askari wa kike, wake za askari na binti zao. Mechi ilipangwa kambini kwenyewe, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na uwanja wenye nyasi. Mwalimu Jonan, kocha wao, alipotangaza hayo, Daphine alishangilia; anakwenda kucheza nyumbani. Perpétue aliikunja soksi aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena.

Siku yenyewe kambi nzima ilitoka. Wanawake walikaa upande wenye kivuli na watoto wao migongoni. Wanaume, wengi wakiwa na sare, walijipanga nyuma ya magoli, wakipiga madebe na filimbi. Chuo kilianza vizuri. Gorret alifunga kwa kichwa kutoka kwenye kona, na hadi mapumziko walikuwa wanaongoza kwa bao moja. Upande wake wa kulia Perpétue hakupitwa hata mara moja, ingawa mtu mwenye macho angeona kwamba kila mpira ulipotoka karibu na askari, alimwachia mwenzake akaurushe.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, Daphine aliruka kuokoa krosi akagongana na nahodha wa kambi, Sajini Hajara, mwanamke mwenye mabega mapana na mguu wa kushoto mkali. Hajara aliinuka. Daphine aliinuka pia, lakini kidole chake cha kati kilikuwa kimeelekea upande usio wake. Kipa wa akiba alikuwa amebaki chuoni na malaria. Mwalimu Jonan alitazama wachezaji wake mmoja mmoja, macho yakaishia kwa aliye mrefu kuliko wote.

"Perpétue, vaa glovu."

"Mwalimu, mimi sijawahi."

"Hakuna aliyewahi. Wewe una mikono mirefu."

Akavaa. Glovu zilikuwa bado zina joto la Daphine. Akasimama kati ya milingoti, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa na wanaume wenye sare mgongoni, hatua chache tu nyuma ya wavu. Hajara alipopata mpira nje kidogo ya eneo la hatari, wale wanaume wakapaza sauti kwa pamoja: "Piga! Piga!"

Perpétue alitoka golini. Watu waliokuwa uwanjani wanasimulia tofauti. Wengine wanadai aliteleza, wengine kwamba jua lilimpiga machoni. Ukweli ni kwamba aliuona mpira vizuri kabisa. Miguu yake ndiyo iliyogeuka, ikampeleka pembeni, mikono ikiwa imefunika masikio. Mpira ukapita pale alipokuwa amesimama, taratibu, ukalala wavuni. Bao moja kwa bao moja.

Kambi ililipuka. Gorret alikuja mbio kutoka katikati ya uwanja, uso umemwiva. "Umekimbia mpira! Mpira, Perpétue! Afadhali tungeacha goli tupu!"

Perpétue aliangalia chini. Mwalimu Jonan alikuwa anahangaika atafute nani mwingine, na hapakuwa na mwingine. Ndipo Daphine, kidole kimefungwa kwa leso na kipande cha kijiti, alipozunguka uwanja akaja kukaa chini nyuma ya wavu, katikati ya Perpétue na wale wanaume.

"Usigeuke," alisema. "Sikia mimi tu. Huyu wa filimbi ni Kopolo Kezironi. Anaimba besi kanisani, na mke wake anamchapa na mwiko. Wewe cheka, ni kweli. Huyu mwembamba ni baba Faizo. Akichinja kuku anafunga macho."

"Daphine, nyamaza, watasikia!" alisema Perpétue.

"Wasikie! Baba Faizo, si unafunga macho?"

"Huyu mtoto muongo!" sauti ya mwanaume ilijibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Hivyo ndivyo dakika zilivyokwenda. Daphine hakunyamaza hata kidogo. Alipomaliza majina ya askari alianza majina ya watoto wao, mpira ukikaribia aliacha umbea akasema, "Sogea kushoto, sasa toka, toka!" na Perpétue akatoka. Shuti la kwanza alilizuia kwa goti. La pili lilimgonga kifuani akalidondosha, akalilalia. Kelele za "Piga!" hazikukoma, na kila mara moyo wake uliruka, ila miguu ilibaki.

Zikiwa zimebaki dakika chache Gorret aliangushwa, akapiga frikiki mwenyewe, mpira ukagonga beki wa kambi ukabadili njia na kuingia. Bao la bahati, na yeye mwenyewe alilijua. Kambi ikashuka yote golini kwa Perpétue. Kona ya mwisho ilipigwa juu, Hajara akapanda akaunganisha kwa kichwa kwa nguvu zote. Perpétue aliudaka mpira mstarini kabisa akaanguka nao, na watu wanne wakaanguka juu yake. Refa alipopuliza filimbi ya mwisho ilibidi wamfungue mikono. Alikuwa ameukumbatia mpira na hataki kuuachia.

Wenzake walipokuwa wanazunguka na kombe, Sajini Hajara alimfuata, nyasi zimemganda kwenye paji la uso. "Dada, ile ya kwanza uliogopa," alisema bila dharau. "Hii ya mwisho haukuogopa. Nini ilibadilika?"

"Sijui, afande," alijibu Perpétue. Hajara alimtazama kidogo, akampa mkono, akaenda zake.

Jumatatu Mwalimu Jonan aliwakusanya darasani, kombe likiwa juu ya meza. Walidhani wanaenda kunywa soda. Soda zilikuwepo, lakini yeye alisema zisubiri. "Kushinda pia kuna mafunzo yake," alisema. "Kila mtu aseme alichokiona Jumamosi. Si bao. Alichokiona."

Mmoja alisema aliona jinsi walivyochoka mapema, mazoezi hayatoshi. Mwingine alisema aliwaona wanawake wa kambi wakilia na akashindwa kufurahi vizuri. Gorret alisimama. Alikuwa msichana wa kujiamini, lakini siku hiyo alisema akiangalia dawati.

"Mimi nimefunga mabao mawili na kila mtu ananipongeza. Lakini usiku nasikia lile neno nililomwambia mwenzangu. Tungeshindwa, ningesema ni hasira za kushindwa. Tumeshinda, sina pa kuliweka."

Macho yote yakamgeukia Perpétue. Akaanza kusema, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, na Daphine akawa anawageuzia kwa Kinyankole wale wasioelewa.

Aliwaambia kwamba hakuteleza. Aliwaambia juu ya asubuhi moja, milimani kwao, watu wenye silaha walipomkuta yeye na wazazi wake kwenye zizi wakikamua. Walikuwa wengi, na neno walilokuwa wanapaza ni lile lile, piga, piga. Alikimbia hadi kwenye msitu wa mianzi, hakutazama nyuma. Mama alimpata siku iliyofuata. Baba hakupatikana. "Miye nilikimbiaka," alisema, "na tangu siku ile, miguu yangu iko inajua kazi moja tu."

Daphine alifika kwenye sentensi hiyo akashindwa kuigeuza. Haikuhitajika, walikuwa wameelewa. Walikuwa wamesoma na msichana huyu mwaka mzima na nusu, wamekula naye, wamemcheka kaptula, na hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza alipomwacha baba yake. Gorret aliondoka kwenye dawati lake akaenda kukaa kwenye benchi la Perpétue. Hakuomba msamaha kwa maneno. Soda zilipofunguliwa zilikuwa za moto, wakanywa hivyo hivyo.

Mwisho wa mwezi Perpétue alikwenda nyumbani Nakivale. Alimkuta mama anapukuchua mahindi, akakaa akamsaidia, na katikati ya kazi akamwambia yote: mechi, bao, na yale aliyoyasema darasani. Alisema pia kile ambacho hata darasani hakukisema, kwamba miaka yote hii anaona haya mbele ya mama yake, kwa kukimbia akawaacha yeye na baba zizini.

Nyirabizimana aliweka gunzi chini.

"Nani alikudanganya hivi?" aliuliza. "Ni miye nilikwambia kimbia. Nilipaza sauti mpaka koo ikauma. Baba yako pia. Haukumbuke?"

"Sikumbuki, mama. Nakumbuka lile neno lao tu."

"Basi sikia letu. Tulisema kimbia, na weye ukatii. Ungebaki pale, leo ningekuwa napukuchua mahindi na nani?" Aliyafuta macho kwa nyuma ya kiganja, kisha akasogeza ungo. "Kuna siku ya kukimbia na kuna siku ya kusimama. Weye zote mbili umezifanya. Sasa maliza hii fasi ya kwako ya mahindi, jua linashuka."

Kidole cha Daphine hakikunyooka tena sawasawa. Alihamia mbele, akawa mshambuliaji wa wastani mwenye maneno mengi, na glovu zikabaki kwa Perpétue. Mwaka uliofuata walikutana tena na kambi, wakafungwa mabao matatu kwa bila, mawili ya Hajara. Perpétue aliyaona yote yakija. Yalikuwa mabao mazuri, na alipotoka uwanjani alimwambia Hajara hivyo hivyo.

Alimaliza chuo, na mwanzoni mwa 2015 akaanza kufundisha shule ya msingi upande wa Rugaaga, jirani na Nakivale, darasa la tatu, watoto themanini na kitu, wa wenyeji na wa wakimbizi. Anafundisha hesabu na kusoma. Wazazi wanasema ni mwalimu mpole mno, kwamba hapazi sauti. Yeye husema watoto wanamsikia.