Mpiga Gitaa Niliyemshusha Sauti

Taarifa ya kifo chake ilinikuta Bariadi mjini, kwenye foleni ya kutoa nakala za vyeti, kazi ambayo wasomaji wa safu hii wanajua nimeifanya mara nyingi tangu nimalize chuo. Ujumbe kwenye kundi la bendi ulikuwa mfupi: mpiga solo wetu amefariki alfajiri, msiba uko Ngulyati. "Kaka, sogea basi," alisema aliyekuwa nyuma yangu. Nilisogea, lakini akili ilibaki kwenye sentensi moja ambayo marehemu aliniambia wiki tatu kabla. Nilikuwa nimeigeuza kila upande bila kujua kama ilikuwa shukrani au lawama. Sasa wa kumuuliza hakuwepo.

Alikuwa afisa mifugo. Alihamishiwa huku kutoka mikoa ya kusini akiwa kijana, akaoa Ngulyati, hakuondoka tena. Siku za kazi alichanja ng'ombe. Jumamosi alipiga gitaa la umeme kwenye bendi yetu ya harusi. Alipenda roki laini, zile nyimbo za taratibu alizojifunza kwenye kaseti, na hata wimbo wa Kisukuma ukipita mikononi mwake ulitulia. Alipiga kwa nyama ya kidole gumba, na kitufe cha ukali wa sauti alikifunga karibu chote. Gitaa likatoa mlio mnene, wa mviringo, kama kengele ya ng'ombe unayoisikia kabla kundi halijatokea. Alivuta uzi mmoja, akaushikilia, akauachia ushuke polepole. Pale ambapo wengine wangejaza sauti kumi, yeye aliacha nafasi. Wengi walisema hajui. "Mzee vidole vimechoka," mpiga kinanda alipenda kumtania. Naye alijibu bila kugeuka: "Ng'ombe hatoi maziwa kwa kukimbizwa, bwana mdogo."

Mimi ndiye fundi mitambo, ninayekaa kwenye mashine ya kuchanganya sauti. Siku ya kwanza alinipa sharti moja tu: "Msomi, spika ziendeshe utakavyo. Ila waya wa kurekodi upite njia yake, usiuguse." Niliona ni majivuno. Nikaufunga hivyo, nikasahau.

Kisha ikaja harusi ya Malampaka. Ulifika wakati wa zawadi, mashangazi wa bibi harusi wakaja mbele wakicheza na mashuka na sufuria, mjomba akiinua kamba juu ili wote wajue kwamba ng'ombe wake yuko zizini anasubiri. Hapo ndipo alipoanza solo yake. Mshereheshaji akanigeukia na kipaza sauti mkononi: "Fundi! Shusha hilo gitaa! Watu wanataka kucheza, we unawaimbia walale?" Ukumbi ulicheka. Nikashusha mpaka chini kabisa. Yeye aliendelea, macho amefumba, beti mbili nzima, akisikika labda kwa amplifaya yake ndogo iliyokuwa nyuma yake. Tulipomaliza alikunja waya wake, akanishika bega. "Leo umenisaidia, msomi." Hakutabasamu. Nikajibu, "Karibu, mzee," kama mtu aliyeshukuriwa kwa maji ya kunywa.

Mtu mwingine angelala. Mimi nilipima ile sentensi kama daktari anavyopima homa. Mara mbili nilianza kumwandikia ujumbe nikaufuta, nikiogopa kuonekana najitetea. Alipofariki, nikajihukumu: solo yake ya mwisho niliizima mimi, mbele ya watu, ili mjomba acheze na kamba.

Siku ya kuanua matanga mjane wake aliniita pembeni ya turubai, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, mwanangu."

"Mwadila, mama."

"Watoto wanataka kumsikia baba yao. Ile ya Malampaka unayo?"

Nikakiri yote: mshereheshaji, kicheko, mkono wangu. Alinisikiliza, kisha akacheka, mama wa watu, siku ile.

"Kumbe ndiyo hiyo inayokukondesha? Alirudi hapa amefurahi kama amepewa ndama. Akasema, 'Leo yule msomi kanishusha mpaka nikajisikia mwenyewe. Sikulazimika kushindana na ngoma.' We ulidhani anakusema?"

"Nilidhani, mama."

"Basi shule imekuharibu. Hebu iweke."

Niliiweka kwenye simu. Waya wa kurekodi haukujua habari za spika wala za mshereheshaji. Gitaa lilikuwepo lote, mbele kabisa, tulivu kuliko siku zote nilizomfanyia kazi, na lile pengo lake kati ya sauti moja na nyingine. Mjane alifumba macho. "Wabeja," alinishukuru, akaniletea uji. Nilikunywa wote, na usiku huo nililala.

Mkoa wetu umejaa watu wanaofanya kazi namna hiyo. Anayechanja ng'ombe Mwandoya hapigiwi makofi, ila kundi likibaki hai, kazi yake imerekodiwa. Nimeacha kudhani kwamba kisichosikika ukumbini hakipo. Na ninyi wenzangu mnaogeuza sentensi za watu usiku kucha, waulizeni wangali hai. Mimi nilipata jibu kwa mjane, tena kwa bahati. Swali lenyewe lingechukua dakika moja, pale Malampaka, wakati mkono wake ulikuwa bado begani pangu.