Yai Limo Kapuni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kabla sijasema kilichotokea nitakutajia waliokuwapo, kwa sababu wengi wao wamekwisha kwenda. Alikuwapo Mwalimu Zakayo, mtu wa Nkubu, mkuu wa shule yetu ya udongo. Alikuwapo mjomba wetu Ireri, aliyepanda kutoka nyanda kavu za Mbeere na fimbo yake ya kuchungia. Nilikuwapo mimi Marigu, na wadogo zangu wawili, Njeru na Wanja. Nje barabarani walikuwapo wanawake wa kijiji wakienda kazini na majembe begani, Cucu Ciamwari mbele yao, na nyuma yao Njagi, homgadi wa serikali aliyetulinda kwa bunduki.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipopigana na watu wetu waliojificha msituni. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani kwetu, huko upande wa Kanja, tukajazwa katika kijiji kimoja chenye nyumba za mistari. Baba alichukuliwa na hakurudi. Mama alipatwa na homa wakati wa mvua, akatuacha. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu, na katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa mimi. Basi niliacha darasa la nne, nikashika jembe. Sikuambii ili unihurumie. Wasichana wengi wa rika langu walifanya hivyo hivyo.

Kitu kimoja tu nilitoka nacho shuleni: kitabu cha kujifunzia kusoma, kisicho na jalada. Nilikifunga kwa kitambaa nikakichomeka darini juu ya meko. Asubuhi moja Cucu Ciamwari akaja kuomba kaa la moto. Hakuwa nyanya yetu wa damu, alikuwa jirani tu, lakini katika kijiji kile mtoto asiye na mama alikuwa wa kila mtu. Akainua macho.

"Hicho ni nini umekianika kwenye moshi kama nyama?"

"Ni kitabu, Cucu. Shule nimeacha."

"Wewe umeacha, sawa. Na Njeru? Na Wanja? Nao wameacha kabla ya kuanza?"

Nikamtolea kaa mekoni. Akachukua kaa lake akaenda, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Kiteremshe leo."

Nilikiteremsha, mwanangu, lakini kukiteremsha si kufundisha. Nilirudi kutoka mtaroni mikono imechubuka, na nikikaa chini nilisinzia. Kilichonisaidia ni kitu ambacho sikukifikiria kabisa: wimbo.

Kule mtaroni Cucu ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu. Alikuwa na wimbo wa zamani wa kupalilia mtama. Yeye alirusha mstari, sisi tukajibu pamoja huku majembe yakishuka, na jembe linaloshuka na wimbo huwa jepesi. Siku moja Njagi akaupiga marufuku. "Nyimbo zenu nazijua," akasema. "Mnatuma habari msituni." Tukachimba kimya kama ng'ombe, na wanawake wakaanza kuanguka kwa uchovu. Cucu akanyoosha mgongo.

"Njagi, mwanangu, maneno ya shule nayo ni makosa?"

Njagi akafikiri. "Hayo si makosa. Ni ya serikali."

"Basi vizuri. Marigu! Kile kitabu chako kinasemaje?"

Nikasema ukurasa wa kwanza kwa sauti ndogo: "Kuku ametaga yai. Yai liko wapi? Yai limo kapuni."

"Kapu ni nini?"

"Ni kiondo, Cucu."

"Sasa mbona wasiseme kiondo?" Wanawake wakacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Kisha akayachukua maneno yale, akayavisha sauti ya wimbo wake wa mtama, akayarusha, na mtaro wote ukaitika, "Limo! Limo kapuni!" Njagi alikunja uso, lakini mimi nilikuwa karibu naye, na niliona mguu wake ukipiga mdundo.

Tangu siku ile Cucu alidai ukurasa mpya kila mara ule wa zamani ulipochakaa midomoni. Ilinibidi kuuandaa jioni kwenye mwanga wa meko, wadogo zangu wakiegemea magoti yangu, kidole changu kikipita chini ya kila neno, nasi tukiimba polepole kooni. Sikujua njia nyingine ya kufundisha. Kwa hiyo Njeru alijifunza kusoma kwa kuimba. Umwambie asome bila sauti ya wimbo, ananyamaza kama umemwomba atembee bila miguu.

Sasa ndiyo siku niliyokutajia. Mjomba Ireri alikuwa amekuja kumchukua Njeru akachunge mbuzi. Hakuwa mtu mbaya. Aliona njaa yetu akataka kupunguza mdomo mmoja. Lakini mimi nilijua kwamba tukianza kugawanywa hatutakutana tena chini ya paa moja. Njeru alikuwa ameshapita umri wa darasa la kwanza, na Mwalimu Zakayo alisema atampokea darasa la tatu ikiwa tu anaweza kusoma. Tukapatana na mjomba: Njeru akipokewa, atabaki; akikataliwa, watatoka hapo hapo mlangoni pa shule kuelekea Mbeere. Blanketi lake lilikuwa limeshafungwa.

Mwalimu akafungua kitabu kile kile cha kuku. Njeru akavuta pumzi, akaimba.

"La, la," Mwalimu akasema akikifunga. "Huu ni wimbo wa mtaroni. Hata mbwa wa kijiji hiki wanaujua. Mtoto amekariri."

Mjomba akainama akaokota blanketi. Wanja akashika sketi yangu. Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi mchimba mtaro, lakini nikasema, "Mwalimu, mpe kitabu ambacho hakijafika mtaroni."

Akanitazama, kisha akatoa rafuni kitabu cha darasa la tatu. Njeru aliutazama ukurasa, midomo ikitikisika. Halafu akaanza, kwa sauti ile ile ya wimbo wa mtama: "Mkulima hodari... huamka mapema..." Akakwama kwenye "hupalilia." Akarudi nyuma, akalikata vipande, hu-pa-li-li-a, akapita, akaendelea mpaka mwisho wa mstari. Na hapo, kama alivyozoea, akanyamaza kungoja kiitikio.

Wanawake walikuwa wakipita dirishani wakati ule ule. Maneno hawakuyajua, lakini wimbo waliujua, na zamu yao waliijua. Wakaitika barabara nzima, vipini vya majembe vikipiga ardhi: "Limo! Limo kapuni!"

Mwalimu Zakayo alicheka mpaka akavua miwani. Nje Njagi alipiga kelele "Tembea! Tembea!" na hata yeye alikuwa ndani ya mdundo.

"Mzee Ireri," Mwalimu akasema, "rudi na fimbo yako. Huyu ni wangu. Lakini kijana, siku ya mtihani usiniimbie."

"Na mbuzi nitawaambia nini?" mjomba akauliza. Kisha akalifungua blanketi, akamvika Njeru mabegani.

Njeru akawa mwalimu, Wanja akawa muuguzi. Mimi sikurudi darasani, lakini hakuna kitabu walicholeta nyumbani nisichokisoma, na hakuna aliyetutenganisha.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: anayekukemea kwa ajili ya wadogo zako, msikilize hata kama umechoka. Ulichojifunza, hata kidogo, usikiweke darini. Na ukijivunia ulivyo leo, wakumbuke walioitika barabarani bila kujua wanakusaidia. Mungu akupe watu kama hao, naye akupe sauti ya kuwaitikia wengine.

Nina deni moja. Wimbo ule tuliuazima, na ulikuwa na maneno yake. Leo watoto wa Kanja wanauchezea wakiruka kamba, "limo kapuni," wala hawajui kwamba ulikuwa wa mtama. Cucu Ciamwari aliniomba niyaandike yale ya kwanza, akaniimbia yote aliyoyakumbuka kabla hajatuacha. Ubeti wa mwisho ulikuwa umemtoka. Nimeutafuta kwa wanawake wazee mpaka Mbeere, na bado. Ukisikia mama anapalilia kwa sauti hiyo, mwanangu, keti chini, uniandikie.