Kasuku wa Tatu

Juzi Kakuma, kwenye kaunta ya duka la dawa za mifugo, bwana mmoja wa Lodwar alikuwa ameweka simu yake spika, akishauriana na muuza ndege kuhusu aina ya kasuku wa kuongeza nyumbani. Tayari anao wawili.

"Yule mkubwa wa kijivu usichukue," simu ikasema. "Atawauma hao wadogo. Tafuta mpole. Na usiwaweke pamoja mara moja, wazoeane sauti kwanza."

"Na wakimwonea?"

"Mhamishe siku hiyo hiyo, boss."

Mama mmoja Mkongo, mkimbizi wa hapo kambini, aliyekuwa na mtoto wake kando, aliweka dawa yake ya kuku juu ya kaunta. "Sisi walitushusha kwa lori, wakatupa nyumba, ukuta moja na watu wale wale tuliwakimbia kwetu," alisema polepole. "Niliomba wanihamishe, huyu mtoto akiwa bado tumboni. Sasa anasoma darasa la pili."

Bwana akafunika simu kwa kiganja. "Pole, mama," akasema, kisha akaifunua. "Hebu niambie, wa kijani je?"

Nimezoea kuona watu wa kambi wakimwonea wivu aliyepata viza. Juzi ndipo nilipoona mama mzima akimwonea wivu kasuku.