Mkono wa Mutsinzi

Jumapili mchana, misa zikishaisha na watu wakishashiba, kuna kikundi cha wapenda sauti ambacho hukutana sebuleni kwa Bruce, kule Kicukiro, Kigali, kusikiliza santuri. Hawachezi, hawaimbi, na anayethubutu kuongea wimbo ukiendelea hutazamwa kama mtu aliyepokea simu padri akiinua hostia. Bruce ni afisa aliyekulia Kampala. Ana spika mbili zinazompita mkewe urefu, na katikati ya chumba ameweka kiti kimoja ambapo, kwa maelezo yake, sauti ya kushoto na ya kulia hukutana. Wageni hukikalia kwa zamu. Ukiinuka sharti useme ulichosikia, na ole wako useme hukusikia kitu.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kusema hivyo alikuwa Cassien Niyongabo. Mzee huyu alizaliwa ukimbizini na kukulia Buyenzi, Bujumbura, akarudi nchini na mkewe Christella, wakafungua Kabeza biashara ya kukodisha mahema, viti na spika za harusi. Sehemu kubwa ya maisha yake amesimama ubavuni mwa spika hizo, akichunga walevi wasijikwae kwenye nyaya. Christella alifariki, watoto wakasambaa, na Cassien akabaki na biashara, koti lake la kijivu, na ulimi usiojua kunyamaza. Kikundi kilimpenda kama watu wanavyopenda pilipili. Walimtaka awepo, ila kidogo.

Ubishi wake ulikuwa juu ya mtu mmoja, Mutsinzi. Kazi ya Mutsinzi ni kupokea wimbo uliokwisha kurekodiwa na kuupa mkono wa mwisho kabla haujatolewa: apunguze huku, aongeze kule, afute makovu ya kanda iliyochakaa. Wenyewe huita kumasta. Aliyafanya hayo kwa nyimbo za zamani za bendi za eneo letu, santuri zikachapishwa Ulaya, na tangu hapo jina lake likapanda hadi likamwacha mwenyewe chini. Wanunuzi walitafuta jina lake nyuma ya jalada kabla ya kutazama jina la mwimbaji. Walisema mkono wa Mutsinzi hujulikana hata ukiwa chumba cha pili. Studio yake iko Masoro, katikati ya maghala, na ikazuka hadithi kwamba aliichagua sehemu hiyo kwa sababu umeme wa viwandani ni safi kuliko wa majumbani.

"Safi vipi?" Cassien aliuliza siku alipoisikia. "Wanaufua?"

Siku moja Bruce aliinuka kitini macho yakiwa yamelowa, akasema amesikia pete ya mpiga besi ikigusa uzi. Cassien akasema yeye amesikia firiji. Wakacheka, lakini Cassien hakuishia hapo. Jumapili nyingine, Bruce alipokuwa jikoni, alichukua santuri ya kawaida ya bendi ileile, iliyochapishwa zamani na mtu asiyejulikana, akaitia ndani ya jalada la Mutsinzi. Bruce aliiweka, akaisikiliza akiwa amefumba macho, akausifu mkono wa Mutsinzi kwa dakika nzima. Cassien alipogeuza santuri na kuonyesha kibandiko, sebule ilipoa. Wengine walikasirika kwa ajili ya Bruce. Hakuna aliyeacha kumwamini Mutsinzi.

"Watu hawasikie sauti," Cassien alikuwa akiwaambia wateja wake Kabeza, watake wasitake. "Banasikia jina."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na alikuwa anafurahia mno kusema hivyo. Yote mawili ni kweli.

Sasa, nyumbani Cassien alikuwa na kaseti moja. Si ya bendi wala si ya wimbo uliowahi kutoka. Ilirekodiwa Bujumbura, kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia, na ndani yake Christella anawafundisha waimbaji sauti zao. Anawasimamisha, anawagombeza, anaimba mstari mmoja, anacheka, anaanza upya. Christella alikuwa na inyinya, ule mwanya wa meno ya mbele ambao kwetu ni uzuri wa kusifiwa, na kila alipotamka "s" hewa ilipita mwanyani ikatoa kifilimbi kidogo. Kijana Cassien alikipenda kifilimbi hicho kabla hajajua jina la mwenye nacho. Katika nyumba yao alikuwa akimsikia Christella akihesabu sahani na kujua yuko chumba gani.

Picha za mkewe alikuwa nazo nyingi. Kifilimbi kilikuwa ndani ya kaseti hiyo tu, na kilikuwa kimepotea.

Hakumbuki kilianza kupotea lini. Aliisikiliza peke yake, kila mwaka siku ya misa ya kumwombea marehemu, na mwaka mmoja akaona sauti ni ya Christella lakini meno ni ya mtu mwingine. Alisafisha kichwa cha redio kwa spiriti. Akabadilisha redio. Akaazima redio ya jirani yake Mukeshimana bila kumwambia ni ya nini. Christella aliendelea kusema "simameni sasa, sauti ya pili" kwa ulaini, kama mwanamke yeyote mwenye meno yaliyofungamana. Basi Cassien akafikia uamuzi ambao mtu yeyote aliyeishi na kaseti angefikia: utepe umechakaa, na kila akiusikiliza anaumaliza. Akaacha kuusikiliza. Aliogopa, na hofu hiyo hakumwambia mtu.

Mjini Kigali mtu wa kuokoa utepe uliochakaa alikuwa mmoja.

Alikwenda Masoro na koti lake, kaseti ikiwa kwenye mfuko wa ndani. Mutsinzi alimpokea mlangoni mwenyewe. Ni mtu mnene, mpole, aliyeanza maisha kwa kupanga spika kwenye matamasha ya Kampala. Kama alikuwa amesikia habari za jalada na santuri, na kwa mji mdogo kama huu lazima alisikia, hakuonyesha. Pembeni yake alikuwa mdogo wake, Jovia, mwanamke wa makamo anayekaa siku zote kiti cha kulia cha meza ya kazi. Wateja wengi hudhani yupo kwa ajili ya kahawa na risiti.

"Ssebo, karibu," alisema Mutsinzi, akimwita bwana kwa Kiganda. "Leo umekuja kunipima?"

"Nimekuja na bibi yangu," alisema Cassien, akaiweka kaseti mezani. "Usimfanye mzuri. Umurudishe tu vile alikuwa."

Hakutaja kifilimbi. Alijiambia kwamba kama mtu huyu kweli ana masikio, atakikuta mwenyewe, na kama hana, bora ijulikane. Hata katika shida yake alishindwa kuacha kutega.

Aliporudi baada ya wiki moja, walimkalisha kwenye kiti cha katikati. Mutsinzi alibonyeza. Mvumo wa utepe uliokuwa ukimfunika Christella miaka yote ulikuwa umekwisha. Kanisa lilisikika ukubwa wake, benchi lililia mtu alipoinuka, na Christella akawa amesimama pale pale, hatua chache mbele ya magoti ya mumewe. Cassien alishika mikono ya kiti. Christella akasema simameni sasa, sauti ya pili, sikilizeni.

Kifilimbi hakikuwepo.

Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Kisha akasimama, na ule ubishi wa Jumapili ukapanda, safari hii ukiwa na uchungu ndani yake.

"Umemufuta," alisema. "Umefuta bibi yangu. Miye nilisema kwa Bruce, wakaniona mjinga. Hauna kitu wewe. Uko na jina tu."

"Mzee, sikufuta kitu."

"Basi mashine zako zimekufa."

Hapo Mutsinzi aliguswa. Yeye mwenyewe unaweza kumtukana, lakini spika zile alizilipia ushuru. Akageuza kiti chake amtazame Cassien uso kwa uso, jambo asilolifanya kazini, maana kazini macho yake hayabanduki kwenye skrini, yanasoma ile michoro inayopanda na kushuka.

"Nitakupigia mlio wa kupimia," alisema. "Filimbi ya juu. Ukiisikia inatoka safi, utajua spika ni nzima. Sawa?"

"Piga."

Alinyoosha mkono nyuma akabonyeza. Cassien aliinamisha kichwa, akangoja. Mutsinzi naye akangoja, akimtazama kwa subira ya mwalimu. Nje lori lilirudi nyuma kwenye ghala la jirani. Mutsinzi akadhani hajabonyeza vizuri, akabonyeza tena, halafu akaongeza sauti kidogo. Kisha akaongeza nyingine. Cassien akakohoa. Wazee wawili waliendelea kutazamana kwa heshima, kila mmoja akingoja filimbi ianze, na ndipo kikombe kikaanguka. Jovia alikuwa ameinama, viganja vyote viwili masikioni, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Zima!" alipiga kelele. "Mutsinzi, zima! Mnangoja nini?"

Mutsinzi aligeuka kwenye skrini. Mchoro ulikuwa umesimama juu kabisa, mwekundu. Akazima, na kwa Cassien hakuna kilichobadilika chumbani.

Cassien alimwona Mutsinzi akimtazama mdogo wake, macho ya mtu anayeomba asisemewe, akaelewa kwa nini kiti cha kulia hakikai kitupu na kwa nini yale macho hayabanduki kwenye michoro. Huu ndio ushahidi alioutafuta miaka yote, mkubwa kuliko jalada na santuri. Bingwa wa masikio hana masikio. Kisha, kwa kuchelewa kidogo, akaelewa kwamba na yeye alikuwa amesimama palepale akingoja.

"Jumapili utawaambia nini?" Mutsinzi aliuliza, polepole.

Cassien alifikiri. "Nitawaambia nini? Wataniuliza miye nilisikia nini."

Aliketi tena. Harusi zote za Kabeza zilimpitia kichwani, na spika zake zote zilizoyala masikio yake. Kwa hiyo utepe ulikuwa mzima. Aliacha kuusikiliza bure, na sasa angeusikiliza bure vilevile. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote, na hakulificha, alifunika uso kwa mikono.

Jovia alikuwa ameokota vipande vya kikombe. Akavitia kwenye ndoo, akajifuta mikono.

"Muzehe," alisema, "nikuulize kitu. Huyu mama alikuwa na inyinya?"

Cassien akatoa mikono usoni.

"Kila mahali anasema s, iko kafilimbi," Jovia aliendelea. "Kadogo. Mutsinzi aliona alama zake kwenye skrini akataka kusafisha, anasema ni kanda mbovu. Nikamukataza. Nikamwambia hiyo si kanda, hiyo ni meno."

"Iko mpaka leo?"

"Iko. Hata kwenye kaseti yako iko. Sisi hatukuongeza, hatukupunguza."

Mutsinzi aliinuka kitini. Alijisogeza pembeni, akamwachia Jovia meza.

Cassien alichukua muda kulitafuta ombi lake, maana mtu aliyezoea kubisha hana mazoea ya kuomba. "Jovia, mwanangu," alisema, "unaweza kunionyesha? Kila ikipita."

Jovia akarudisha mwanzo. Akakaa akielekeana na mzee, akaweka mkono gotini. Christella akaanza kuwapanga waimbaji wake. Kidole cha Jovia kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena, mara mbili kwa haraka. Christella akacheka, kidole kikatulia, akarudi kugombeza, nacho kikapanda. Cassien hakutazama spika. Alikikodolea macho kile kidole, na Mutsinzi, nyuma yake, alikuwa anakitazama vilevile.

Kaseti ilipokwisha aliomba irudiwe, na Jovia akairudia. Mara ya tatu Cassien aliinua kidole chake pamoja na cha Jovia. Walipofika pale Christella anapowaambia wa sauti ya pili wasimame, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya koti, kidole chake kilikuwa juu kabla ya cha Jovia, na kilikuwa sahihi.