Mjomba Feki wa Eliana

Kama umewahi kupita nyuma ya soko la Rumonge, upande ule unaoteremka ziwani, basi namba ya simu ya Eliana umeiona, hata kama mwenyewe hukumwona. Imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, tarakimu zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na chini yake: ELIANA, FUNDI WA UNIFORMU NA MAGAUNI. Halafu Eliana huyo huyo, akipigiwa simu na matapeli, alikuwa akiuliza kwa uchungu wa kweli kabisa: hivi hawa watu namba yangu wanaitoa wapi?

Na walimpigia. Walimpigia wa bahati nasibu ambayo hakucheza, wa mizigo iliyokwama duane, yaani forodhani, ambayo hakuagiza, wa kazi za ng'ambo zinazolipa kwa dola. Siku moja alipigiwa na mganga anayerudisha mume aliyepotea kwa dakika thelathini. Eliana akamjibu, "Wangu iko hapa, amelala toka asubuhi. Huna dawa ya kumupoteza kidogo, hata wikendi moja?" Mganga akakata simu. Mariyamu, muuza vitenge wa kibaraza cha pili kutoka cha Eliana pale sokoni, alikuwa amerekodi kwa simu yake, akaituma sauti ile kwenye gurupe lao la simu. Tangu siku hiyo Eliana akawa na kazi mbili: kushona, na kuwasema matapeli.

Gurupe lenyewe liliitwa Tusiibiwe Rumonge. Lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wengi wao walishaibiwa. Mtu akipokea ujumbe wa kitapeli aliuleta pale, Eliana anatoa hukumu, wote wanairipoti namba kwa pamoja mpaka inafungwa. Alikuwa na kanuni yake, na aliifundisha kama katekisimu: ukisikia Kiswahili laini sana, kimbia. "Mutu wa hapa akitaka kitu anasema nipe. Mutu akikuomba samahani mara tatu mbele ya kutaja jina lake, huyo ni mwizi, amekalia kiti huko Tanzania na karatasi ya kusoma."

Watu walicheka, na kanuni ikashika. Hakuna aliyekumbuka kwamba nusu ya waliokuwa wakicheka, wazazi wao walilelewa ukimbizini huko huko Tanzania.

Ikafika Agosti, mwezi wa uniformu. Kaki imejaa kibaraza kizima, kina mama wanangoja zamu, simu ikalia, namba ya nje. Eliana akaiweka sauti ya juu, akamkonyeza Mariyamu. Mariyamu akaanza kurekodi.

"Samahani sana, binti yangu. Habari za mchana? Samahani, naomba kuuliza, naongea na Eliana, fundi wa nguo?"

Samahani mbili. Kina mama wakaanza kujiuma midomo.

"Ndiye mimi," Eliana akasema. "Leo nimeshinda nini?"

"Hapana, hujashinda kitu. Mimi naitwa Theonest. Ni mjomba wako, kaka yake mama yako."

"Karibu sana, mjomba. Uko hospitali ao uko polisi? Wajomba wa kwa simu wanakuwaka hospitali wote."

"Niko nyumbani tu, Kigoma. Ni mzima, namshukuru Mungu."

"Basi wewe ni wa kwanza. Na ule mzigo? Nilipie wapi?"

"Mzigo gani, mwanangu? Sijakuomba kitu. Mfanyabiashara mmoja wa mawese ndiye aliyenipa namba yako. Mama yako ni Generoza, sivyo?"

"Jina ya mama yangu iko kwa karatasi ya kila laini nilinunua. Hata paka ya pale wanauzia laini inalijua."

Hapo kina mama walishindwa kujizuia. Mzee akasubiri kicheko kipite. Akasema, taratibu, "Lakini nyumbani hatukumwita Generoza. Tulimwita Kanyoni. Muulize."

Eliana alilelewa na mama yake tangu kuzaliwa, na jina hilo hakuwahi kulisikia. Akafurahi, kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi na jibu la kuibia lenye makosa.

"Kanyoni? Ah, mjomba, hapo umeanguka. Mwizi mwenye akili anasoma somo mbele ya mutihani."

"Naomba umuulize tu, binti yangu."

"Nitamuuliza. Na wewe kamuulize mama yako kama alikuzaa ao alikupakua kwa mtandao."

Kibaraza kikalipuka. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa, juu ya kaki ya watu. Simu haikukatwa mara moja. Ukisikiliza sauti ile vizuri, mwishoni, chini ya vicheko, mzee anasikika akivuta pumzi kama anataka kusema neno lingine. Halafu basi.

Namba ikabandikwa kwenye gurupe: *Huyu anajiita mjomba. Ripotini.* Wakaripoti, na kabla ya jua kuzama akaunti yake ikafungwa. Sauti nayo Eliana akaituma mwenyewe, ikaanza safari, kwa jina la "Mjomba Feki". Ilifika Minago kwa wenye pikipiki, ikafika Gitaza kwa waanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ndani ya wiki moja ilikuwa na ile alama ya mishale miwili, kwamba imesambazwa mara nyingi, na watoto wa shule walikuwa wakiulizana njiani: ulizaliwa ao ulipakuliwa? Eliana alijisikia mtu mkubwa. Nguo za wateja wawili zilichelewa kwa ajili ya umaarufu, na wateja wenyewe walimsamehe.

Mama yake, Generoza, alikaa Kigwena, kwenye michikichi yake. Simu aliyokuwa nayo ni ya vibonye, ya kupiga na kumulika njia. Sauti ilimkuta kwenye mtambo wa mawese, ngazi za michikichi zinachemka, vijana wa pale wamefungulia simu kwa nguvu. Kwanza alimsikia mwanawe, akatabasamu. Halafu akasikia lile jina.

Alifika Rumonge amepakiwa baiskeli, mikono bado ina mafuta. Hakuketi.

"Cheza ile sauti."

"Mama, amahoro. Nani amekuambia? Hata mawese yanasikiliza?"

"Cheza."

Eliana akacheza. Ilipoisha Generoza akasema tena. Ya tatu, ya nne. Mariyamu, kule kwenye kibaraza chake, akaanza kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa.

"Huwezi kuondoa sauti yako?" Generoza akauliza. "Nataka kumusikia yeye peke yake."

"Haiwezekani, mama. Ziko pamoja."

Generoza akatikisa kichwa polepole. Ndipo akasimulia, akisimama vile vile, mambo ambayo kwa miaka yote alikuwa akiyasema kwa sentensi moja tu, "tulikimbia". Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, alikuwa na miaka mitatu. Shangazi yake alimbeba mgongoni, wakapata mtumbwi, wakavuka hadi Kongo, huko ndiko alikokulia. Baba yake alichukua njia ya miguu kwenda kusini, na mkewe, na kijana wao wa miaka tisa. Habari pekee zilizowafikia Kongo ni kwamba mama alifia njiani kabla ya kuiona Tanzania. Kijana aliitwa Theonest. Yeye ndiye aliyempa mdogo wake jina la Kanyoni, ndege mdogo, kwa sababu alikuwa akila kwa kudonoa. Shangazi alipokufa, jina lilikufa naye. Hakubaki mtu wa kuliita.

"Kwa hiyo nilijua," Eliana akasema, akitafuta pa kusimamia, "yaani singejua. Mama, wewe hukuniambia. Hawa matapeli wanajua majina yote, mimi ningejuaje…"

"Ulimwambia nini mwishoni?"

Eliana akainama kuokota pini iliyoanguka.

"Sema. Ulimwambia akamuulize nani?"

"Mama yake."

"Mama yake ni nani?"

Mwanamke aliyewahi kummaliza mganga wa kienyeji kwa sentensi moja alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaangalia kanyagio. Masikio yalimwaka. Alitamani mtu acheke, hata kidogo tu, ili apate pa kujifichia. Kibaraza kizima hakikucheka.

Namba aliipata kwenye gurupe, pale pale alipoibandika, na chini yake vicheko mia moja na arobaini. Akaunti ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wakapiga simu ya kawaida, kwa simu ya vibonye ya Generoza. Iliita sana. Kisha ile sauti, laini vile vile, lakini safari hii imejikunja:

"Samahani. Siku hizi sijibu namba nisizozijua. Kama ni vijana wa utani, naomba mniache."

 Eliana akampa mama yake simu. Generoza akasema maneno mawili ya Kirundi: "Ni Kanyoni."

Eliana akainama karibu na simu, akidhani salio limekwisha. Ndipo wakasikia upande wa pili mtu mzima wa miaka sitini na mbili akilia bila kujificha, na Generoza naye akatoka na simu, akaenda kusimama katikati ya uwanja, juani, akaongea huko. Eliana hakumfuata. Aliingia kwenye gurupe kujaribu kuifuta ile sauti kwa wote. Simu ikamjibu kwamba muda wa kufuta umepita. Angeweza kuifuta kwake tu. Akaifuta kwake. Dakika mbili baadaye mtu akaituma tena, na kicheko.

Theonest alikuja Septemba, kwa gari la abiria, kupitia Mabanda. Eliana alikwenda na mama yake kumpokea, akiwa ameapa moyoni kutosema kitu chochote. Mjomba aliposhuka, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, alimshika dada yake mabega mawili, akamtazama usoni muda mrefu kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Kisha akamgeukia Eliana.

"Na huyu?"

Eliana akainamisha kichwa. "Shikamoo, mjomba."

 "Marahaba," mzee akasema. "Nimeshakujua. Sauti haikubadilika."

Kwa desturi, mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Anapeleka kinywaji. Akinywa uliyemkosea, yameisha. Akikiacha mezani, unajua ulipo. Mjomba ni mlokole, pombe haigusi, kwa hiyo Eliana alinunua kreti nzima ya Fanta, akaibeba mpaka Kigwena kwa pikipiki, akaipanga mbele yake kwenye meza ndogo ya mama. Akapiga magoti.

"Mjomba, nilikukosea. Sikujua."

Theonest aliishika chupa moja, akaigeuza, akairudisha ilipokuwa.

"Kutokujua nimekusamehe kabla sijapanda gari. Ningekuwa wewe, labda nami ningekata simu. Lakini hukukata." Alisema bila ukali, ndiyo maana iliuma. "Ile sauti ilifika mpaka Kigoma. Vijana wa kwaya waliicheza nje ya kanisa. Hawakujua ni mimi, mpaka mmoja akaniangalia, akaangalia simu, akaizima. Mimi ni mzee wa kanisa, mwanangu. Nilikaa ibada nzima naangalia viatu vyangu."

"Niliwaomba waifute."

"Hawataifuta. Mimi sikudai hilo. Bibi yako aliitwa nani?"

Eliana akamtazama mama yake. Generoza akatazama pembeni. Alikuwa na miaka mitatu walipotengana, naye hakuwa na hakika.

"Sabina Ntirampeba," akasema Theonest. "Tulimzika kwa mikono, mimi na baba, chini ya mti ambao leo siwezi kuuonyesha. Umemtaja mbele ya watu wote wa pwani hii, na hukumtaja jina. Basi mtaje jina."

 Eliana akatoa simu. Kidole chake kilibonyeza alama ya kurekodi, kikaachia, kikabonyeza tena. Mara ya kwanza sauti ilitoka na ule mchezo wake wa kila siku, mazoea tu, akaifuta mwenyewe kabla ya kuambiwa. Mara ya tatu akasema hivi: "Ni Eliana fundi. Yule muliyemuita mjomba feki ni mjomba wangu wa kweli. Iko hapa, Kigwena. Mama yake, ule nilimtukana, ni bibi yangu. Anaitwa Sabina Ntirampeba. Alikufa kwa njia, mwaka wa sabini na mbili. Mimi ndiye nilikosea, siyo yeye. Murakoze, asanteni."

Akatuma. Wakakaa. Kuku wa Generoza walipita chini ya meza. Baada ya muda mjomba akasema, "Wamesemaje?"

Eliana aliangalia simu, akataka kuiweka kifudifudi.

"Soma."

"Mariyamu ameandika: Mungu amurehemu."

"Mwingine?"

"Watu themanini na tisa wamesikiliza. Hawakusema kitu."

"Mwingine?"

Alikuwepo mwingine mmoja, na Eliana alihisi masikio yakimwaka kama siku ile ya cherehani. Miaka yote hakuwahi kukosa jibu la mtu kwenye gurupe lile. Akasoma, maana alikuwa ameambiwa asome: "Ile ya mjomba feki, nani iko nayo? Nimebadilisha simu."

Generoza akafyonza. Theonest aliiangalia ile kreti, akaiangalia simu mkononi mwa mpwa wake. Akasukuma chupa mbili mbele, moja upande wa Eliana.

"Fungua," akasema.

Kifungulio hakikuonekana. Generoza alizifungua kwa meno, moja baada ya nyingine. Wakanywa. Fanta yenyewe ilikuwa imeshapata moto.