Taa na Kengele ya Bibi

Bibi wa Kihindi niliyemfanyia kazi alipohamia kwa mwanawe Dar, alinikabidhi taa na kengele yake ya shaba, vyombo vyake vya ibada ya kila asubuhi. Vimechakaa, alisema, na kwa dini yao haviuzwi wala havitupwi jalalani, vinazamishwa majini. Nikavizamisha ziwani pale Kibirizi, mwanangu mgongoni. Jioni nikamsimulia mume wangu. Mjinga mimi! Kesho yake akapiga mbizi, akaviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

“Ziwa halina mwenyewe, mama watoto,” akanicheka.

“Na wewe huna haya.”

Bibi akapiga simu. “Mwanangu, vimezama vizuri?”

Nikampa mume wangu simu. “Mwambie wewe.”

Akaikata. Mpaka leo nashindwa kumpigia bibi.